Kibali Kilichoshukuriwa

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo asitokee mtu wa kuniambia kwamba anaifahamu au kwamba shemeji yake amewahi kufanya kazi huko. Ni nchi ya amani. Watu wake wana adabu kupita kiasi, viongozi wake wana vipaza sauti, na wageni wake wana wasiwasi. Mimi ni Ofisa Itifaki wa chuo kikuu chake pekee, Chuo Kikuu cha Ukarimu. Kazi yangu ni kuhakikisha kila mkubwa amekaa kwenye kiti chake na kila mdogo anajua la kusema mbele yake. Jina langu ni Zuberi Mkumbwa. Wanafunzi huniita Baba Itifaki, na mpaka mwaka huu jina hilo nililipenda.

Chuo chetu kinawapenda sana wanafunzi wa kigeni. Kinawapenda hasa kwenye kalenda. Kila mwaka tunachapisha kalenda yenye picha za vijana wa nchi jirani wakicheka kwenye nyasi zetu, na ya mwaka huu ni nzuri kuliko zote, ingawa ilipotoka kiwandani wale vijana wote walikuwa wameshaondolewa nchini. Tuliigawa hivyo hivyo. Walikuwa wamecheka vizuri mno, isingefaa kuitupa.

Tatizo ni vibali vya ukaazi. Vibali hivyo hutolewa na Wizara ya Wageni, na Waziri wake, Mheshimiwa Daktari Festo Kipangula, ni mtu mchapakazi ambaye kila Jumatatu hutangaza redioni utaratibu mpya. Jumatatu moja alitangaza kwamba vibali vyote ni halali mpaka litakapotolewa tangazo jingine. Jumanne tukaarifiwa kwamba tangazo jingine limeshatolewa, ila bado halijaidhinishwa kusomwa. Tangu hapo hakuna mgeni aliyejua kama anaishi nchini kihalali au anatembea tu barabarani kwa bahati.

Tena ili upewe kibali, sharti chuo kithibitishe kwamba wewe ni mwanafunzi. Na ili chuo kithibitishe kwamba wewe ni mwanafunzi, sharti uonyeshe kibali. Mwanasheria wetu, Wakili Luhanga, aliuchunguza utaratibu huo kwa muda mrefu, akatuambia hauna kasoro hata moja, kwa sababu kila upande unaungwa mkono na upande wa pili.

*

Aliyekuja ofisini kwangu ni Mapendo Bahizire, binti wa nchi ya ng'ambo ya mto, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo. Alikuwa amevaa buti za mpira zenye matope, maana alitoka moja kwa moja bandani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za masomo?"

"Masomo mazuri. Kibali ndicho kibaya. Changu kinaisha mwisho wa mwezi huu, na mtihani wa mwisho ni mwezi ujao. Bila kibali hawaniingizi chumba cha mtihani."

"Si uende nyumbani, uombe upya, urudi?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Baba, nani amewahi kutoka akarudi?"

Nilifikiri. Kweli sikumkumbuka hata mmoja.

"Wilaya yetu nzima haina daktari wa ng'ombe," akaendelea. "Ng'ombe akiugua wanamnywesha maji ya chumvi, wanakaa kumwangalia. Nimebakiza mtihani mmoja tu. Nikiukosa, mimi si daktari wa kitu chochote. Ni mtu aliyekaa kwenu miaka mingi akanuka samadi."

Nilimwambia asiwe na hofu, chuo kiko pamoja naye. Na wala sikumdanganya. Chuo kilikuwa pamoja naye kwa kiwango ambacho sijawahi kukiona mahali pengine popote.

*

Kwanza kabisa, tulikuwa tumefungua Kurugenzi ya Faraja. Mkurugenzi wake ni Mama Eufrasia Tindwa, mwanamke mwenye sauti laini ambayo hata akikufukuza utadhani anakukaribisha chai. Mama Tindwa aliwaita wanafunzi wa kigeni ukumbini kwa semina iliyoitwa "Kuishi kwa Furaha na Jambo Usilolijua". Kila mmoja alipewa fulana iliyoandikwa TUKO PAMOJA, isipokuwa waliokaa nyuma, maana fulana ziliishia kwa wafanyakazi.

"Fumbeni macho, wanangu," alisema Mama Tindwa. "Vuteni pumzi. Jiulizeni: je, mimi nina kibali? Sasa toeni pumzi. Msijibu."

Wakavuta, wakatoa. Ukumbi mzima ukawa unapumua kwa pamoja, ikawa raha kusikiliza. Kisha Mapendo akanyoosha mkono.

"Mama, samahani. Hivyo vibali vyenyewe tunavipataje?"

Mama Tindwa akaweka mkono kifuani. "Swali zuri mno hilo. Jamani, tumpigie makofi kwa swali lake."

Tukampigia. Mimi ndiye niliyeanza, maana kuanzisha makofi ni sehemu ya kazi yangu. Mapendo alibaki amesimama akisubiri jibu, sisi tukaendelea kupiga mpaka akakaa. Nilihisi joto kidogo mashavuni, nikafungua dirisha.

*

Basi Mungu akatuletea bahati. Waziri wa Wageni mwenyewe alikubali kuja kuwa mgeni rasmi katika uzinduzi wa Lango la Kimataifa la chuo, lango kubwa la chuma lenye bendera za nchi ambazo wanafunzi wake hawaruhusiwi kuingia. Na Waziri ndiye mtu pekee nchini ambaye akisema kibali kitolewe, hutolewa palepale.

Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Ludovick Mbalamwezi, akaniita. Yeye alikuwa na sababu zake za kumtakia heri Mapendo. Ana ng'ombe wa maziwa, Malkia, ambaye karibuni alikwama kuzaa, na Mapendo ndiye aliyeingiza mkono mpaka begani akamtoa ndama mzima, huku maprofesa wa kitivo wakiwa wamesimama pembeni wakibishana kwa Kilatini.

"Yule binti ni hazina," alisema Profesa. "Asome risala yeye. Aombe kibali chake na cha wenzake. Mbele ya watu, Waziri hawezi kukataa."

Ni lazima nieleze hapa. Katika nchi hiyo huwezi kumsimamisha mkubwa njiani ukamweleza shida yako. Mkubwa huelezwa kwa risala. Unaandika risala, unaipamba, unaisoma kwa unyenyekevu, yeye anaitikia kwa kichwa, anasema ameipokea. Hakuna mlango mwingine. Kwa hiyo Mapendo aliketi akaandika yake, akaileta mbele ya Kamati ya Risala, yaani Profesa, Mama Tindwa, Wakili Luhanga na mimi. Ilikuwa fupi. Katikati yake palikuwa na sentensi moja: "Mheshimiwa, tunaomba vibali vyetu ili tufanye mtihani."

Wakili Luhanga akavua miwani.

"Hii 'tunaomba' ni hatari," alisema. "Ukisema unaomba, maana yake hujapewa. Ukisema hujapewa, maana yake kuna aliyestahili kukupa na hakukupa. Huyo ni nani? Ni mgeni rasmi. Unamwalika mtu, unamvika shada, halafu unamshtaki?"

"Simshtaki," alisema Mapendo. "Namwomba."

"Mwanangu," alisema Mama Tindwa, "kuna namna ya kuomba."

Tukaanza kuitafuta hiyo namna. Profesa akapendekeza "tunakukumbusha". Wakili akasema kumkumbusha mtu ni kusema amesahau, na Waziri hasahau, kazi ya kusahau ni ya watendaji. Mama Tindwa akaleta "tunatarajia". Wakili akasema hiyo ni shinikizo, na mpaka sasa mawakili wenzake wawili wamefungwa kwa kosa la shinikizo. Tukajaribu "tunaota", ikaonekana kama mzaha. Chai ikaletwa, na maandazi. Hatimaye macho yote yakanigeukia mimi, mtu wa itifaki.

Nikasema, kwa uzoefu wangu wa miaka mingi wa kusindikiza wakubwa, kwamba mkubwa hapendi kuombwa lakini hapendi zaidi kuona amesifiwa kwa kitu ambacho hakukitoa. Ukimshukuru mapema, aibu itamlazimisha atoe. Wote wakaguna kwa kuridhika. Sentensi ikawa hivi: "Mheshimiwa, tunakushukuru kwa moyo wako wa huruma kwa kutupatia vibali vyetu."

Mapendo aliisoma mara mbili. "Lakini hajatupatia."

"Ndiyo uzuri wake," alisema Profesa.

"Baba?" Alikuwa ananiuliza mimi.

"Hiyo ndiyo adabu ya huku kwetu, mwanangu," nilisema. "Soma kama ilivyo. Atajionea aibu, atatoa."

Nilidhani katika nchi ile kila mtu ana aibu kama mimi. Ni kosa ambalo ofisa wa itifaki peke yake anaweza kulifanya, maana yeye huwaona wakubwa wakiwa wameketi tu.

*

Siku ya uzinduzi lango liling'aa. Bendi ya polisi ilipiga, utepe ukakatwa, na Mheshimiwa Kipangula akaketi katikati ya meza kuu chini ya turubai, nyuma ya maua ya plastiki na chupa za maji zilizofungwa leso. Nikatangaza kwamba itifaki imezingatiwa. Nikamkaribisha msoma risala.

Mapendo alivaa gauni la kuazima. Alisoma vizuri, sauti haikutetemeka. Alipofika kwenye ile sentensi alisita, akainua kichwa, akanitafuta kwa macho. Nikamwitikia kwa kichwa. Akasoma.

Waziri hakuona aibu. Waziri alifurahi. Alisimama kabla ya risala kwisha, akamkumbatia, akachukua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, na ndugu msio wananchi," alisema. "Serikali yenu sikivu, ambayo kwa ninyi wageni ni serikali yetu sikivu, leo imeguswa. Kila ninakokwenda naombwa. Huku maji, kule barabara, kwingine dawa. Watu wameizoea serikali kama mama mzazi. Nilipokuwa njiani nilijiambia, hawa vijana wa kigeni nao wataniomba vibali. Na nilikuja na majibu, yapo hapa mfukoni!" Akapiga mfuko wa koti. "Kumbe sivyo! Kumbe wameshapewa! Mimi mwenyewe sikuwa na habari kwamba nimeshawapa!"

Watu wakacheka, wakapiga vigelegele.

"Suala la vibali limekwisha," alisema Waziri, akifuta jicho. "Limekwisha kabisa. Atakayelileta tena ana ajenda yake."

Bendi ikaanza. Mpiga picha wa runinga ya taifa akawaomba Waziri na Mapendo wageuke upande wa jua. Waziri alicheka, Mapendo akawa amekodoa macho tu. Mimi hapo nilipokuwa nimesimama uso wangu uliwaka moto. Uliwaka kweli, mpaka nikadhani nimepatwa na malaria. Baada ya wali na kuku nilikwenda zahanati ya chuo. Daktari alinipima joto, presha na sukari, akasema kila kitu kiko sawa.

"Umekula nini?" aliuliza.

"Nimekula meza kuu."

"Basi ni uchovu," alisema, akanipa vidonge vya kutuliza maumivu. Ilikuwa aibu. Nilijua ni aibu, lakini zahanati yetu haina dawa yake, na mimi sikutaka kumsumbua.

*

Wiki iliyofuata nilimsindikiza Mapendo wizarani. Karani wa dirishani alikuwa kijana mtanashati, akamchangamkia.

"Aa! Si wewe dada wa risala? Tulikuona kwenye runinga. Mama yangu alilia."

"Asante, kaka. Nimekuja kuchukua kibali."

"Kibali gani tena?"

"Cha ukaazi. Cha kunifikisha kwenye mtihani."

"Dada, wewe ulishashukuru."

"Nilishukuru, ndiyo. Lakini sijapewa."

Karani aliacha kutabasamu, akanigeukia mimi. "Mzee wangu, huyu anasema nini? Anasema Mheshimiwa alipokea shukrani za bure? Mbele ya taifa?"

"Hapana, hapana," nilisema haraka. "Yeye anachomaanisha..."

"Ninachomaanisha ni hicho hicho," alisema Mapendo.

Karani akashusha sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alitueleza kwamba jambo likishashukuriwa hutolewa kwenye yale yanayosubiri na kuwekwa kwenye yale yaliyotekelezwa, na hakuna anayeweza kulirudisha. Kule kusini, alisema, kuna daraja lililoshukuriwa na wanakijiji kwa ngoma na mbuzi. Mpaka leo wanavuka kwa kuogelea, lakini hawalalamiki, maana watalalamikaje juu ya daraja walilokwisha kulifurahia?

"Hakuna njia yoyote?" niliuliza.

"Ipo. Anaweza kuomba kurudishiwa shukrani zake."

"Aombe wapi?"

"Hapahapa. Ila anayeruhusiwa kuomba ni mkaazi mwenye kibali kipya." Akamtazama Mapendo kwa huruma. "Unacho?"

Njiani kurudi Mapendo hakunilaumu. Angenilaumu ningeweza kujitetea, nina maneno mengi ya kujitetea, ndiyo taaluma yangu. Alikuwa anatazama tu ng'ombe waliokuwa wakichungwa kando ya barabara. Nikaanza kumweleza habari za itifaki ya mazishi ya viongozi ili kupitisha muda.

*

Profesa Mbalamwezi alitupokea kwa masikitiko makubwa. Aliagiza chai mara mbili.

"Nikienda kwa Waziri kumwambia hamkupewa," alisema, "nitakuwa nimesema risala ya chuo ilikuwa na uongo. Chuo kikuu hakiwezi kusema uongo. Ndiyo maana sasa hatuwezi kusema ukweli."

"Profesa," alisema Mapendo, "basi msiende kwa Waziri. Nipeni mtihani wangu sasa, kabla kibali hakijaisha. Mtihani ni wenu. Walimu ni wenu. Mimi niko tayari hata kesho."

Lilikuwa jambo rahisi kiasi kwamba hakuna kati yetu aliyelifikiria. Halikuhitaji wizara, wala risala, wala turubai. Lilihitaji meza, kiti na mtu wa kusema ndiyo.

Profesa alikuna kidevu. "Hilo linahitaji Seneti."

"Seneti ikae."

"Seneti iko ufukweni, binti yangu. Imekwenda warsha." Akaona aibu kidogo, akatazama dirishani. "Warsha ya namna ya kuwasaidia wanafunzi wa kimataifa. Wakirudi watakuwa na mapendekezo mazito sana."

"Watarudi lini?"

"Mwezi ujao."

Mapendo akainuka, akaaga kwa heshima zote. Alipotoka, Profesa alishika kichwa, akasema kwa uchungu wa kweli, "Zuberi, sasa nani atamwangalia Malkia?"

*

Amri ya kuondoka ilikuja kama ilivyotarajiwa. Ilikuwa na maneno mazuri. Ilimshukuru kwa kushukuru. Chuo hakikukaa kimya. Tulitoa tamko la kuguswa. Tulitoa tamko la pili la kufafanua kwamba kuguswa kwetu hakuna maana mbaya. Kisha tukaunda Kamati ya Kusindikiza, kwa sababu katika nchi hiyo mgeni haachwi aondoke peke yake kama mbuzi, husindikizwa. Basi la chuo likaoshwa, likafungwa kitambaa kirefu kilichoandikwa TUNAKUSINDIKIZA KWA UPENDO, na viongozi wote wakapanda. Mkuu wa Kitivo cha Mifugo, Daktari Rweyongeza, ambaye ndiye mtahini wa Mapendo, alipanda pia. Kiti cha Mapendo kilikuwa nyuma, maana mbele palikuwa na itifaki.

Tulibeba na meza kuu. Tuliipanga palepale mpakani, hatua chache kutoka kwenye kizuizi, tukatandika kitambaa, tukaweka maua ya plastiki. Askari wa mpakani walisogea kuangalia. Mama Tindwa alituongoza kupumua. Profesa akahutubia.

"Leo si siku ya huzuni," alisema. "Chuo chetu kimesimama na binti huyu tangu mwanzo, na leo kimesimama naye mpaka mpakani. Kisheria hatuwezi kusimama naye zaidi ya hapa."

Akamkabidhi zawadi, saa ya ukutani yenye nembo ya chuo. Na kama desturi inavyotaka, anayepewa zawadi husema neno. Nikampa kipaza sauti.

"Karibu, mwanangu," nilisema. "Neno fupi la shukrani."

Alikishika kipaza sauti kwa mkono mmoja, saa kwa mkono mwingine.

"Sina shukrani," alisema Mapendo. "Naomba kufanya mtihani wangu."

Sijui kama meza ile iliwahi kusikia sentensi tupu namna hiyo tangu ilipochongwa.

"Mtahini wangu ni yule pale," akaendelea. "Aniulize kwa mdomo. Hapahapa, mkiwa mmekaa. Kibali changu bado kipo mpaka leo jioni. Nikishindwa, nitavuka. Nikifaulu, nitavuka vilevile. Lakini nitavuka nikiwa daktari. Naomba tu. Naomba."

Daktari Rweyongeza alikuwa ameshainua nusu ya makalio kutoka kwenye kiti. Nilimwona. Na yule mkuu wa askari wa mpakani, mtu mwenye kitambi na uso mpole, akasema kwa sauti, "Sisi hatuna haraka, wazee wangu. Tunafunga jioni."

Kwa hiyo hakukuwa na kizuizi chochote, hata Seneti hakuna aliyeitaja. Sheria ilikuwa upande wetu, mtahini alikuwepo, meza ilikuwepo, jua bado lilikuwa juu. Daktari Rweyongeza akamtazama Profesa, apate ruhusa. Profesa akamtazama Wakili. Wakili akanitazama mimi, maana ukimya ukitokea katikati ya hafla, hilo si jambo la sheria, ni jambo la itifaki. Wote wakanitazama. Mapendo naye akanitazama, na safari hii hakuwa ananiuliza kama asome. Alikuwa ananiomba nifunge mdomo. Ningekaa kimya tu, Rweyongeza angesimama. Nina hakika angesimama. Alikuwa ameshafika nusu.

Mimi nikasema, "Makofi kwake, tafadhali."

Wakapiga. Walipiga kwa nguvu, kwa shukrani, kama watu waliookolewa. Rweyongeza akakaa, akapiga naye. Mapendo alisema kitu tena kwenye kipaza sauti, midomo ilitembea, lakini makofi yalikuwa makubwa. Akaiweka saa juu ya meza kuu, katikati ya maua, akakilaza kipaza sauti pembeni yake. Akachukua begi lake. Askari akainua kizuizi, akamsalimu kama anavyosalimiwa mkubwa, nasi tukaendelea kupiga makofi mpaka alipotokomea kwenye vumbi la upande wa pili, maana hakuna aliyejua ni nani wa kuacha kwanza. Nilitamani ardhi inimeze. Ilinibeba vizuri tu, mpaka kwenye basi, mpaka kwenye kiti changu cha mbele.

Jioni ile tulionyeshwa kwenye taarifa ya habari. Msomaji alisema chuo kimeweka historia ya ukarimu. Walionyesha basi, kitambaa, Profesa akihutubia, kisha Mapendo ameshika kipaza sauti, uso umejaa skrini nzima, anasema na kusema. Sauti yake walikuwa wameiondoa, wameweka bendi ya polisi.

Mke wangu, Mwanahawa, aliacha kula. Akasogea karibu na runinga.

"Baba watoto," aliuliza, "huyu binti anasema nini hapo? Mbona kama analia?"

Nikamwambia, "Anashukuru."